Misumari ya Kopo Moja

Jino lilitoka Jumatatu saa nne asubuhi, na lilivyotoka lilinuka. Daktari alilitupa kwenye kisahani cha chuma, harufu ikanifikia mimi mwenyewe niliyelibeba mdomoni mwaka mzima. Upande mmoja lilikuwa jeusi, na kwenye mzizi kulining'inia kifuko cha nyama laini, rangi ya maini. Nikaiinamia ndoo iliyokuwa miguuni. Daktari, mwanamke mfupi aliyesimama juu ya kigoda ili anifikie vizuri, akaniambia nikitapika sasa hivi nitatapika na damu, kwa hiyo nivute pumzi kwa pua nitulie.

Mimi ni mtu wa kinyaa, nyumbani wananijua. Sinywi maji kwenye kikombe alichonywea kaka yangu hata kikisuuzwa mara tatu. Kijiko nakifuta kwa shati kabla ya kula, mama ananuna. Shemeji yangu, mke wa kaka, ananiita Bwana Sabuni. Kwa hiyo lile jino sikukaa nalo kwa kulipenda. Nilikaa nalo kwa kuogopa koleo, halafu Ijumaa ikanilazimisha.

Ijumaa nilikuwa na mtihani wa kazi. Mimi ni fundi makochi. Shule niliiacha mapema kwa sababu kukaa kitako kulinishinda, nikaishia kutengeneza viti vya watu wengine kukaa, cheka tu. Miaka sita nilikuwa karakana ya Mzee Gundi, chumba kimoja kirefu, paa linavuja juu ya meza yangu na si juu ya meza ya mtu mwingine yeyote. Tulikuwa watatu mle: Mzee Gundi mwenyewe, jamaa mmoja mkubwa tunayemwita Bati kwa sababu sauti yake ni ya bati, na mimi. Mimi wananiita Kiroboto. Sasa upande wa pili wa mji kuna karakana kubwa inayotengeneza viti vya kumbi na maofisi. Walitaka fundi mmoja. Msimamizi wao alikuja kwetu kununua sponji, akasimama akaniangalia nikipiga misumari, akaniambia nije Ijumaa saa tatu nifunike kiti kimoja mbele yake kwa dakika arobaini. Nikiweza, kazi yangu. Nilikuwa naitaka ile kazi mpaka usingizi unakatika. Na kwa jino lile, kila nikipiga nyundo lilikuwa linapiga na lenyewe.

Basi nikaling'oa Jumatatu ili Ijumaa niwe mzima.

Daktari alinipa maelezo marefu, nesi akayaandika kwenye karatasi. Ning'ate shashi nusu saa. Leo nisiteme mate wala kusukutua, maana kuna bonge la damu limeziba shimo na nikiling'oa nitajuta. Leo niweke barafu shavuni ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, dakika ishirini naweka, ishirini natoa. Kesho nianze maji ya vuguvugu yenye chumvi, niyazungushe polepole, niyaache yamwagike yenyewe. Nilale kichwa kikiwa juu. Nile vitu laini. Sigara hapana. Uvimbe utapanda mpaka siku ya pili au ya tatu, nisipagawe, kisha utashuka. Usiposhuka, au nikipata homa, au mdomo ukiwa na ladha mbaya, nirudi mbio. Akaniuliza kazi gani, nikamwambia makochi, akasema nisinyanyue vizito siku mbili tatu. Nikamwambia hakuna shida, wa kunyanyua ni Bati.

Nyumbani mama alikuwa tayari ameshachemsha maji na kushika taulo. Yeye kila uvimbe anaukanda kwa moto. Nikamwambia leo ni baridi, akanitazama kama nimetukana ukoo. Baridi juu ya kidonda, nani kanifundisha, yeye amezaa wanne na amewakanda wote na wote wana mashavu. Shemeji akachukua ile karatasi akaisoma kwa sauti mstari kwa mstari, mama akashindwa, lakini taulo hakuliachia. Alikaa nalo mapajani mpaka likapoa, kwa ubishi tu.

Nilifuata kila kitu. Hapo nawaambia ukweli, sijawahi kutii maisha yangu yote kama nilivyotii karatasi ile. Barafu nilihesabu dakika kwa saa ya simu. Shashi nilipoitoa ilikuwa imelowa, nzito, yenye utelezi, na uzi mwekundu wa mate ukaifuata kutoka mdomoni hadi kwenye ndoo bila kukatika. Nikafumba macho. Damu nilikuwa naimeza, maana kutema hapana, na damu ukiimeza usingizi unakuja na ladha ya sarafu. Mito mitatu nikaipanga kitandani nikalala kama mgonjwa wa kwenye picha.

Jumanne shavu limetoka nje. Si sana, kama nimeficha pipi kubwa. Nikaenda kazini, na hapo lazima niwaeleze tunavyofanya kazi.

Fundi makochi ana mikono miwili tu. Mmoja unavuta kitambaa kikazwe, mwingine umeshika nyundo. Misumari atashika nani? Mdomo. Ile midogo, yenye kichwa bapa, unaijaza shavuni kama thelathini hivi. Ulimi unausukuma mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, kichwa mbele. Nyundo yetu ina sumaku upande mmoja, unaigusisha mdomoni, inauchukua msumari, unapiga. Mdomo, mbao, mdomo, mbao. Fundi mzuri humsikii akisimama. Mimi nilikuwa natoa kiti kizima kwa dakika thelathini na tano, na hapo ndipo msimamizi aliponiona.

Ukimaliza kiti na misumari imebaki, unairudisha kwenye kopo. Kopo ni moja. Lilikuwa la rangi, Mzee Gundi amelikata mdomo, linakaa katikati ya meza. Alikataza kila mtu kuwa na kopo lake tangu Bati alipoikalia misumari ya kwake.

Sasa nikae nyumbani siku tatu mikono ipoe, Ijumaa nikaumbuke? Nikafanya mazoezi. Jumanne viti vitatu, Jumatano vinne. Misumari niliiweka upande wa kushoto, jino lilitoka kulia. Nilijiona nina akili. Na nilipomaliza kiti sikuitema kwa nguvu, nilikumbuka ile karatasi, nikainama juu ya kopo nikaiacha imwagike yenyewe. Mchana nikaenda nyuma na kikombe changu cha maji ya chumvi, nikazungusha, nikaacha yamwagike. Bati akaniita bibi harusi.

Jumatano jioni shavu likawa limeshika sikio. Mzee Gundi akalibonyeza kwa kidole chake chenye gamba la gundi bila hata kuniomba, akasema huo ni uvimbe wa kawaida, hata yeye alivimba hivyo, na kwa sababu yeye amebakiwa na meno manne nikaona ana uzoefu.

"Msimamizi akiuliza," Bati akasema, "mwambie nusu ya uso ni yako na nusu umeazima."

Alhamisi niliamka na ladha mdomoni. Sijui niiseme vipi. Fikiria maji ya chombo cha maua kilichosahaulika, halafu kuna chumvi, halafu kuna vuguvugu, na yanatoka ndani yako mwenyewe. Nilipogusa shimo kwa ulimi kitu kikabonyea, kikatoa majimaji. Nikakimbilia bafuni. Kwenye sinki la bafu kilidondoka kitu cha njano chenye mshipa wa kahawia, kizito, hakikutaka kwenda na maji, kikakaa pale kwenye tundu kama kinanisubiri. Shavu lilikuwa gumu, linang'aa, la moto. Mdomo ulifunguka upana wa vidole viwili tu.

Shemeji alikuja mlangoni, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Nilimwona. Mimi, Bwana Sabuni.

"Shemeji," akasema, "usinijibu. Nenda tu hospitali. Na ukiongea, ongea huku umegeukia ukutani."

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa najiandaa kugomba. Karatasi nilikuwa nayo mfukoni. Nilitaka kumwonyesha yule daktari mstari kwa mstari kwamba mimi nimefanya yote na yeye ndiye aliyekosea, na kesho saa tatu nina kiti.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshavaa barakoa. Akapanda kigoda chake. Akauliza sigara. Hapana. Nilitema? Hapana. Pombe? Hapana. Nilichokonoa kwa njiti? Hapana.

"Umeingiza nini mdomoni tangu Jumatatu?"

"Uji. Mtindi. Maji. Ile ya chumvi."

"Kingine."

"Hakuna, daktari. Naapa."

Na sikuwa nadanganya. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nasema ukweli wangu wote.

Akaingiza kibano. Nilisikia kikitafuta ndani ya taya, sauti kama mtu anakoroga tope kwa kijiti. Usaha ukashuka kwenye koo kabla nesi hajauwahi na ule mpira wa kunyonya. Daktari akavuta. Kikatoka kitu, akakiweka kwenye shashi nyeupe, akakileta mbele ya macho yangu. Kilikuwa kijiuzi kirefu kama kucha, cha kahawia, kimepakwa usaha. Kingine kikafuata. Kisha punje ya kutu.

"Uji gani huu una nyuzi?"

Nilikitambua. Fundi yeyote angekitambua. Ni gunia, lile tunalotandika chini ya sponji. Nyuzi zake zinapukutika juu ya meza, zinaingia kwenye kopo, zinashikana na misumari.

"Hiyo ya kazini," nikasema.

"Imefikaje huku?"

"Labda na misumari."

Akaweka kibano chini. "Misumari inafanya nini mdomoni mwako?"

"Si ndipo inapokaa."

Nesi alicheka, akadhani natania. Daktari hakucheka. Akaniambia nimweleze taratibu. Nikamweleza: shavu, ulimi, sumaku, mbao. Akauliza ikibaki tunaiweka wapi. Nikasema kwenye kopo. Akauliza kopo la nani. Nikasema letu. Akauliza wangapi. Nikasema watatu.

Na pale pale, nikiwa nimelala chali na taa usoni, nikasikia ninachosema. Miaka sita. Mzee Gundi anatafuna tumbaku kuanzia asubuhi, mate yake ni ya kahawia, yanavutika. Bati ana kikohozi ambacho hakijawahi kupona, anakohoa misumari ikiwa shavuni, anaendelea. Ikibaki wanaitema, inadondoka na povu. Mimi natia mkono, nachukua bado ina unyevu, naiweka mdomoni. Mimi nisiyekunywa kwenye kikombe cha kaka yangu. Kuna asubuhi nilikuta misumari imeshikana bonge kwa mate yaliyokauka, nikaipasua kwa kidole kama mtu anamenya karanga, nikaitupia shavuni nikafungua redio.

Nilimshika nesi mkono, nikageuka, nikatapika kwenye ile ndoo ya miguuni. Uji, mtindi, usaha. Nesi alitoka nje. Sikumlaumu.

Daktari aliendelea na kazi yake. Akanichoma ganzi, akalisafisha lile shimo kwa maji ya sindano mara nyingi, akapachika dawa yenye harufu ya karafuu, akaniandikia vidonge vya siku saba nimeze vyote hata uvimbe ukiisha. Akasema sasa shavu nilikande kwa uvuguvugu, mama yangu atafurahi. Nikamweleza habari ya kesho. Akasema akili yake inamwambia nilale, lakini kama nina homa ndogo tu na nimeshameza dawa, hawezi kunifunga kamba.

"Ila mdomoni usiweke kitu. Hata msumari mmoja. Huu uvimbe ukishuka shingoni unakuziba koo, na hapo hutarudi kwangu, utapelekwa kukatwa kwa nje, hapa." Akaigusa shingo yangu chini ya taya. "Umenielewa, kaka?"

Nikasema nimeelewa. Nikapitia duka la vifaa, nikanunua pakiti mpya ya misumari. Haijawahi kuona mdomo wa mtu. Sikujua nainunua ya nini, au nilijua.

Ijumaa saa tatu kasoro nilikuwa mlangoni pao. Karakana safi, sakafu ya saruji imefagiliwa, feni juu, paa zima. Msimamizi alikuwa mtu mnene wa taratibu, kalamu mbili mfukoni. Aliangalia shavu langu akauliza nimepigana na nani. Nikasema na daktari wa meno. Akasema nani alishinda. Nikapenda mahali pale papo hapo.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa jamaa mwembamba wa ovaroli la bluu, hakunisalimia. Viti viwili vimewekwa, mbao tupu, sponji tayari, na kitambaa cha rangi ya maziwa, kizuri, kile kinachoonyesha hata alama ya kidole. Msimamizi akaangalia saa yake akasema haya.

Nilimimina misumari yangu kwenye kifuniko cha kopo, nikakiweka kitini. Nilikuwa nimeamua. Nitashika kwa vidole. Nikavuta kitambaa kwa mkono wa kushoto, nikachukua msumari kwa mkono wa kulia, nikakuta sina mkono wa nyundo. Nikashika kitambaa kwa goti. Nikapiga. Kitambaa kikalegea. Nikang'oa, nikarudia. Nikajaribu kuuchukua kwa sumaku moja kwa moja kwenye kifuniko, ikanijia misumari sita imesimama kama nywele. Kutoka kwa yule mwembamba nasikia mdomo, mbao, mdomo, mbao, hasimami. Dakika kumi na tano yeye amemaliza pande mbili, mimi nina upande mmoja na umepinda.

Nikajiambia ni mipya. Ni safi. Ni upande wa kushoto. Ni dakika ishirini na tano tu za maisha yangu.

Nikaijaza.

Mikono ikarudi kwangu, jamani. Nyundo ikakumbuka njia. Nikang'oa ule upande mbaya nikauweka upya, nikazunguka pembe, nikakunja kona za nyuma ambazo watu wengi wanazichafua, zikakaa kama bahasha. Mdomo ulikuwa haufunguki vizuri, kwa hiyo ulimi ulikuwa unazunguka kulia kutafuta nafasi, na kila ukizunguka nasikia kitu kikibonyea. Sikujali. Yule mwembamba nilimpita kwenye pembe ya tatu. Dakika thelathini na nane nilikuwa napiga msumari wa mwisho, hapo mbele katikati ya kiti, nimeinama, midomo imefunguka kuisubiri sumaku.

Ganzi ya jana ilishaisha, nilisikia kikitoka. Kilitoka cha moto, kikapita juu ya midomo kabla sijafunga. Kikadondoka kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa, katikati kabisa, pale mtu anapokalia. Cha njano, na doa la damu ndani yake. Uzi wa mate bado umekishika na kidevu changu. Harufu ikapanda. Yule mwembamba akaacha kupiga.

Nilichofanya nitakiona mpaka nife. Nilikifuta kwa kiganja. Kikasambaa.

Msimamizi akaja polepole. Akakiangalia kiti kwa pembeni, akainama akapitisha kidole kwenye kona za nyuma, akavuta kitambaa kuona kama kimekaza. Kimekaza. Akaangalia misumari, imepangana. Halafu akaangalia lile doa, na midomo yake ikajikunja kama ya shemeji pale mlangoni.

"Kazi yako nzuri kuliko ya huyu," akasema. "Mdomo wako ndio siutaki."

Nikasema misumari ilikuwa mipya. Niliposema hivyo miwili ikadondoka sakafuni, maana nilikuwa bado ninayo shavuni.

Akamwambia yule mwembamba aje Jumatatu. Mimi akanipa kisu. Nikakata kitambaa nilichokifunga mwenyewe, nikang'oa misumari yote mmoja mmoja, nikatoa na sponji kwa sababu ilishapenya. Ilinichukua muda mrefu kuliko kukifunga. Aliponisindikiza mlangoni alisimama mbali kidogo, kama unavyosimama na mtu mwenye mafua, akasema mwezi wa kumi watahitaji mwingine, na kama nitakuwa nimejifunza kufanya kazi bila mdomo, nije. Nikamuuliza inafanyikaje bila mdomo. Akasema hajui, watu wake wote wanafanya kwa mdomo, lakini tangu leo hataweza kuwatazama.

Nyumbani mama alinikanda. Alikuwa amesubiri tangu Jumatatu. Vidonge nilimeza vyote, siku saba kamili, uvimbe ukashuka Jumapili, Jumanne nikafungua mdomo mzima, shimo likaanza kujifunika.

Jumatano nikarudi kwa Mzee Gundi na kisahani changu cha bati. Nikamimina misumari ya pakiti. Nikawaambia kuhusu kopo, yote, tumbaku na kikohozi, bila kupunguza. Bati alisikiliza misumari ikiwa shavuni. Mzee Gundi akasema yeye amefanya hivyo miaka arobaini na hajawahi kuvimba. Nikamkumbusha wiki iliyopita aliniambia alivimba. Akasema ule ulikuwa uvimbe mwingine.

Kiti cha kwanza kwa vidole kilinichukua saa moja na robo. Nilijipiga dole gumba mara mbili. Bati alinipigia makofi kila kona. Nikakianza cha pili.